Vidole Viwili vya Mama

Enzi zetu, wenzangu tuliokula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, kiatu hakikushonwa kwa ajili ya mguu ulionao. Kilishonwa kwa ajili ya mguu utakaokuja baadaye, Mungu akipenda. Watoto wa siku hizi wana viatu vya shule, vya kutembelea, vya kwendea bafuni, na bado wanalalamika vinabana. Sisi tulibanwa na njaa tu.

Nilikuwa darasa la tano, Handeni, muda mfupi baada ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa chenye nyumba zilizopangwa mstari kama madawati. Mali yangu pekee ilikuwa miguu. Nilikimbia peku mpaka wavulana wakadai nina dawa. Mwalimu akanichagua kwenda mashindano ya shule Korogwe, na mshindi angepelekwa Tanga kwa treni. Ushindi wenyewe sikuujali. Nilitaka kukaa dirishani niwapungie mkono wanaotembea.

Mama alipopata habari, akaharibu kila kitu kwa upendo. Alisema mwanawe hatakimbia mbele ya wakubwa wa serikali miguu mitupu kama mbuzi wa mnadani. Tukatangulia Korogwe siku mbili kabla, tukafikia kwa shangazi, kisha akanipeleka kwa Mzee Hoza, fundi viatu wa karibu na stesheni. Mzee akanisimamisha juu ya kipande cha boksi, akachukua penseli auzungushie mguu wangu. Mama akainama, akabandika vidole vyake viwili mbele ya kidole gumba changu, akamwambia achore kuanzia hapo.

Mzee Hoza akavua miwani. "Mama, huyu anakimbia keshokutwa. Hatakua keshokutwa."

"Wewe shona, mzee. Mguu utakuja."

Vikashonwa. Ngozi nyeusi, soli ya tairi la lori, na kila kimoja kingetosha kumlaza mtoto mchanga. Nafasi iliyobaki mama aliijaza nyuzi za katani, zikaniwasha kuliko upupu.

Siku ya mbio nilikuwa mimi peke yangu niliyevaa viatu, na kwa kishindo kile nadhani wenzangu walinipisha kwa hofu. Hadi kona ya pili nilikuwa naongoza. Hapo kiatu cha kulia kikachomoka. Mbele yangu kulikuwa na utepe na treni, nyuma kulikuwa na kiatu cha mama. Mtu mwenye akili angevua na cha pili akatimka. Mimi niligeuka kukifuata. Msichana mmoja wa Magoma, peku, vumbi hadi magotini, akanipita, na ndiye aliyekwenda Tanga.

Mama alikifuta kiatu vumbi kwa kanga yake kabla hajanifuta mimi machozi. Akanisifu kwa kukirudia. Nilimnunia wiki nzima.

Sasa nina mjukuu huko Kanada, Zuwena, miaka tisa, anacheza kwa kuteleza juu ya barafu, ile ile tunayotia kwenye juisi. Viatu vyake hushonwa kwa kipimo chake. Binti yangu ananieleza kwenye simu kwamba kisigino kisinyanyuke hata kidogo, vidole viguse mbele kwa mbali tu, na mguu ukikua kidogo wanapima upya. Nikamwambia aongeze vidole viwili, mtoto anakua.

"Mama, ataanguka," akasema.

Na ni kweli. Wanachojua hawa kuhusu miguu ya watoto wao, sisi hatukukijua, na Zuwena atashinda mbio nyingi ambazo mimi sikushinda.

Lakini tulipomzika mama, tulifungua sanduku lake, na viatu vile vilikuwemo, vimefungwa kwenye kanga, katani ikiwa bado ndani. Niliitoa, nikavivaa. Nina wajukuu sita na mvi kichwa kizima. Nikainama, nikapima mbele ya kidole gumba changu kwa vidole vyangu mwenyewe.

Nafasi ya vidole viwili ilikuwepo bado. Nililia pale pale sakafuni, kwa sababu mguu haukuja, na aliyekuwa akiungojea ameondoka.