Nilimtangaza Rafiki Yangu kwa Jina la Gasongo

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie maneno laini. Kosa nililifanya mwenyewe, kwa mdomo wangu, mchana kweupe, nimekaa ndani ya gari nje ya ghala ninalofanyia kazi hapa Louisville. Nimelikalia moyoni hadi limenichosha. Acha niliseme.

Kwanza niwaambie habari za Gasongo, maana bila yeye hamtanielewa. Jina lenyewe nimeligeuza kidogo. Nimejifunza kufunga mdomo, ingawa nimechelewa sana.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Tanzania. Pale kambini kulikuwa na mzee wa kanisa aliyeitwa Gasongo. Kazi aliyojipa ilikuwa kusaka wachawi na wenye dhambi za siri. Mtoto akifa, au upepo ukibomoa nyumba ya mtu, Gasongo anaita mtu mbele ya kanisa, anamkalisha kwenye benchi fupi na kumuuliza, "Umefanya nini?" Ukijibu, anauliza tena, "Na kingine?" Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliuliza tu, taratibu, mpaka jua linazama. Vijana wake ndio waliokuwa na kamba. Jamani, watu walikiri mambo ambayo hata shetani mwenyewe hajawahi kuyafikiria!

Alikufa kulekule kambini. Jina lake likapanda ndege pamoja na sisi.

Huku Marekani limekuwa neno la kawaida. Msimamizi akikuhoji sana kazini, unarudi nyumbani unasema, "Leo nimegasongwa." Mke akiuliza ulikuwa wapi, mume anasema, "Usinigasonge bwana." Watoto waliozaliwa huku wana mchezo wao pale wanapoegesha magari nje ya kanisa. Mmoja anakuwa Gasongo, wengine wanakimbia, na akikushika anakuuliza maswali mpaka ucheke. Hawajui kwamba alikuwa mtu wa kweli. Na sisi wakubwa tulikuwa tunasimama pale tukicheka nao.

Mama yangu hakuwahi kucheka.

Mama aliketi kwenye lile benchi. Mtoto wa jirani alikufa kwa homa, wakasema ni yeye. Walimfunga mkono wa kushoto hadi vidole vikakunjamana, na havikunyooka tena. Nilikuwa mdogo, nimesimama nje ya dirisha, namsikia mama yangu akikubali kila kitu.

Basi. Tulipohamia huku Louisville, mtaa wa karibu na Iroquois, mama alikuwa hatembei vizuri tena. Kampuni ya kutunza wazee ikamtuma dada mmoja awe anakuja kumwogesha na kumpikia mimi nikiwa kazini. Nitamwita Riziki. Mrundi mwenzetu, hana mume, ana binti mmoja anayesoma shule ya msingi. Binti nitamwita Neema.

Riziki alikuwa mtu wa aina gani? Alikuwa mtu wa kuvua viatu mlangoni hata ukimwambia asivue. Alimpikia mama ugali laini, akawa anamkanda ule mkono uliokunjamana kwa mafuta ya nazi huku akiomba kwa sauti ya chini. Mama akawa anamsubiri kuliko anavyonisubiri mimi. Kusema kweli, kuna siku iliniuma.

Hata hivyo tukawa marafiki. Jumamosi moja alikuwa ananisuka jikoni kwangu, nikamuuliza baba yake ni nani, kwao wapi. Akakwepa. Nikauliza tena. Mimi nikishika jambo siachi! Mikono yake ikatulia kichwani mwangu.

"Dada, nikikwambia utanifukuza?"

"Nikufukuze kwa nini?"

"Baba yangu ni Gasongo."

"Gasongo yupi?"

"Yuleyule. Alipokufa, mama alinichukua tukahamia kambi nyingine, akanibadilisha jina. Neema hajui kitu. Anaucheza ule mchezo na wenzake, dada. Nikimwona natamani ardhi inimeze."

Alilia. Nilisimama na nywele zangu nusu zimesukwa, nikamkumbatia, nikamwapia kwa jina la Mungu kwamba kwangu neno lile limezikwa. Na wakati ule nilimaanisha, nawaambia kweli.

Baadaye kanisani ikaja habari ya kuchagua kiongozi wa kwaya ya kina mama. Nafasi ile niliitamani kwa miaka. Mimi ndiye ninayefungua mlango wa mazoezi, mimi ndiye ninayeshona sare! Wakamchagua Riziki. Mchungaji akasema, "Ana roho ya upole." Watu wakapiga vigelegele. Nami nikapiga, huku nahesabu sare nilizozishona.

Kesho yake, saa ya kupumzika, nikakaa kwenye gari nikamrekodia sauti binamu yangu aliyeko Columbus. Mtu mmoja tu! Nikasema, "Unajua huyo wanayemsifia ni mtoto wa nani? Wa Gasongo!"

Ningeishia hapo, ningekuwa nimevunja kiapo tu. Nikaongeza. Nikasema, "Nimemwona kwa macho yangu anampaka mama mafuta huku ananong'ona. Tangu aje, mama anazidi kuisha."

Uongo! Uongo mtupu! Mama alikuwa anapata nafuu. Nikamalizia, "Usimwambie mtu."

Binamu akamtumia dada yake aliyeko mji wa Buffalo. Yule akaitupa kwenye kundi la kina mama wa maombi. Ilirudi Louisville kabla hata Jumapili haijafika, na iliporudi ilikuwa na maandishi juu yake: "Sikilizeni wenyewe, mjihadhari."

Jumapili ile sitaisahau. Riziki aliingia na Neema, akakaa, na kina mama waliokuwa kwenye safu yake wakahama mmoja baada ya mwingine. Hakuelewa. Akadhani ni kiyoyozi, akaomba kipunguzwe.

Baada ya ibada watoto walikuwa nje wanacheza. Wakamwambia Neema, "Wewe ndiye Gasongo. Kila mara ni wewe, kwa sababu wewe ni wake kweli." Mtoto akaja mbio, mbele ya watu wote, akamuuliza mama yake kwa Kiingereza kama ni kweli babu yake alikuwa anafunga watu kamba.

Riziki aliinua macho akanitafuta kati ya watu. Akanipata. Alimshika mtoto mkono wakaenda kwenye gari.

Familia mbili zikapiga simu kampuni zikasema hazimtaki nyumbani kwao. Kampuni ikamwondolea zamu. Sikupiga simu kumtetea. Nilijiambia, mambo yatapoa tu. Kumbe alikuwa anafunga mizigo. Alihamia Columbus, mtaa wa Linden, kwa mtu waliyekuwa naye kambini.

Mama akaanza kuuliza. "Riziki yuko wapi?" Nikasema ana udhuru. Akauliza tena kesho yake. Mwishowe nikachoka, nikaona bora nimkatishe tamaa.

"Mama, yule ni binti wa Gasongo. Gasongo aliyekufunga."

Mama akaniangalia. "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilimjua siku ya kwanza aliyobisha hodi. Ana sauti ya babake. Nilitaka kupiga yowe. Kisha akapiga magoti akanivua soksi, nikanyamaza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe, ufanye nini?" Akaushika mkono wake uliokunjamana. "Miaka yote nilikuwa namwota yule mzee. Kila usiku benchi, kila usiku benchi. Mtoto wake alipoanza kunikanda huu mkono, ndoto zikakoma. Sasa zimerudi. Umemfanyia nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nimeinama chini kama mtoto. Mama hakunitukana. Aligeukia ukuta.

Nikaamua kurekebisha. Nikarekodi sauti nyingine, nikajitaja jina, nikasema niliongopa, Riziki hana uchawi, mama yangu anampenda, niliyasema kwa wivu. Nikaituma kila mahali ninapopajua. Mnajua watu walinijibu nini? "Pole dada, tayari ameshakuroga." "Sauti yako imebadilika, tunakuombea." Toba yangu ikawa ushahidi dhidi yake! Yesu wangu, nilitupa simu kitandani nikapiga kelele peke yangu.

Nikaomba ruhusa kazini, nikaendesha hadi Columbus. Binamu yangu alinipokea kwa chai na maandazi kama hakuna kilichotokea. Nikamwambia afute. Akasema, "Kwangu nimeshafuta, dada. Lakini nitafuta kwa watu wangapi?" Akanipeleka Linden. Nyumba tuliikuta. Mwenye nyumba alikuwa mstaarabu, akasema alimwomba Riziki aondoke kwa sababu mkewe ni mjamzito na anaogopa. Alisema amekwenda Buffalo, huko hawamjui.

Hawamjui! Nikaendelea mbele, peke yangu, njia nzima naongea na Mungu kwa sauti.

Buffalo nikaanzia Grant Street, kwa sababu mtu wetu yeyote lazima atapita pale kununua unga na dagaa. Nikaingia duka la mama mmoja Mkongomani, nikamweleza ninamtafuta mtu wa namna fulani, ana binti wa umri fulani. Akaacha kupanga majani ya sombe kwenye friji.

"Bon, ule mama minamujua. Anakaaga uku nyuma, pale banafulaka nguo. Lakini dada, uchunge. Ule iko mutoto ya Gasongo."

"Nani kakuambia?"

"Haba! Batu bote banajua. Donc haiko maneno ya barabarani, audio iko. Sikia."

Akatoa simu. Nikasikia sauti yangu ndani ya duka lile. Nikasikia mlango wa gari langu ukigonga, nikajisikia nikicheka kidogo kabla ya kusema jina. Sikukumbuka kwamba nilicheka. Yule mama ananitazama usoni akisubiri nishangae. Nilitaka kusema, "Ni mimi huyo." Badala yake nikamshukuru, nikatoka, nikaenda kule nyuma alikonielekeza, jirani na nyumba ya kufulia nguo, nikabisha hodi.

Riziki alifungua mlango kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Amekonda. Nikapiga magoti palepale kwenye ngazi, kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka.

"Nisamehe, mdogo wangu. Twende nyumbani. Mama anakuuliza kila siku. Alikuwa anajua tangu mwanzo, na alikupenda hivyohivyo."

Hapo akafumba macho.

"Alikuwa anajua?"

"Anajua. Anataka wewe tu."

"Mwambie namsalimia. Mwambie mafuta ayapashe kidogo kwanza, asipakwe ya baridi." Kisha akasema, "Inuka dada, watu wasikuone hapa. Sina hasira na wewe. Ila nikirudi Louisville, Neema atarudi kuwa Gasongo. Hapa nimewaambia shule jina jingine tena. Wakijua na hapa, sina mji mwingine."

Nilikuwa nimetoka kusikia ile sauti dukani, hatua chache tu kutoka mlango wake. Ningemwambia wameshajua? Ningemwambiaje? Nilinyamaza. Hilo nalo mniongezee.

Kutoka ndani Neema akauliza kwa Kiingereza, "Ni nani?"

"Hakuna mtu," Riziki akamjibu, na kuufunga mlango taratibu, kama alivyokuwa akifunga mlango wa mama akishalala.

Nimerudi Louisville. Kampuni imetuma dada mwingine, mzuri tu, anafanya kazi yake na kuondoka. Kwaya wamenipa mimi. Wamenipa! Nimekataa, wakanisifu kwa unyenyekevu, na nikijaribu kueleza wananishika bega wanasema nipumzike. Riziki sijui kama bado yuko Buffalo. Namba yake haipatikani.

Ninyi mnaosoma, mkiwa na siri ya mtu mdomoni, mezeni. Hata ikiwakwama, mezeni na maji. Msione raha kuitoa kwa ndugu mnayemwamini. Mimi nilimwambia mtu mmoja tu, nikamwambia asiseme. Sasa naisikia sauti yangu mitaani kwa watu nisiowajua, na sina namna ya kuinyamazisha.