Samaki wa Lavonne

Kwa karibu miaka ishirini, kila Februari, Delbert Kuehnl aliketi ndani ya kibanda chake juu ya barafu ya Ziwa Winnebago, kule Marekani, chusa mkononi, akichungulia tundu la kwenye barafu, kubwa kama mlango. Hakuwahi kuchoma kitu. Stajoni, wale samaki wa masharubu na mgongo wa mifupa, walipita kwa majirani. Baani, shemeji yake Gib alimwita Mchungaji, kwa kuwa alichunga tu, hachinji.

Mwaka huu alimkatia leseni na mkewe, Lavonne. Si kwa mapenzi. Alitaka mtu wa kuchochea kuni, na wa kushika chusa yeye akitoka nje. Kila mwenye leseni hupewa lebo yake, naye huifunga kwenye samaki aliyemchoma mwenyewe. Hilo hata mtoto wa kule analijua.

Asubuhi ya ufunguzi Delbert alitoka kwenda haja ndogo nyuma ya kibanda, shughuli ambayo kwa mzee aliyevaa suruali tatu haina haraka. Alikuwa bado anagombana na zipu ya pili aliposikia kishindo.

"Del! Njoo, ananizamisha huyu!"

Lavonne alikuwa amekaza miguu ukutani, kamba viganjani, na mwisho wa kamba samaki mrefu kuliko kochi lao. Walimvuta pamoja. Samaki alipolala barafuni, Delbert alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu.

"Vonnie, tufunge lebo yangu."

"Yako? Umemchoma kwa mkojo?"

"Wewe utapata mwingine. Mimi Gib atanizika na hilo jina lake."

Lavonne aliitupa kamba chini. "Funga basi, jitu zima wewe."

Kwenye kituo cha kupimia, watu walikuwa na bia mkononi kabla ya saa sita mchana. Annika, binti wa idara ya samaki, alikata kipande cha pezi, kisha akalichokonoa fuvu, akatoa kijiwe.

"Jike hili. Hawa hawaanzi kutaga mpaka wapite miaka ishirini, na hata hapo si kila mwaka. Ndiyo maana tunawahesabu majike wanaouawa. Idadi ikitimia, msimu unafungwa."

"Ana miaka mingapi?" Gib aliuliza.

"Pezi lina pete, kama mti. Lakini uzeeni pete hubanana, pezi likampunguzia umri. Jiwe la sikioni ndilo lisilodanganya."

"Pezi hilo ni mke wangu mtupu!" Gib alisema.

Watu walicheka. Delbert alicheka kuliko wote.

"Haya, Mchungaji, tupe mkasa!"

Akawapa. Kivuli, pumzi aliyoizuia, chusa kilivyoshuka. Alisimulia kwa mikono na makalio.

"Na Lavonne alikuwa wapi?"

Delbert aliinama kukaza kamba ya buti. Hapo hakuwa amepatungia.

"Nyuma ya kibanda," Lavonne alisema. "Nakojoa."

Kituo kizima kiliangua kicheko. "Wanawake!" Gib alipiga paja. "Bahati inabisha hodi, yeye kachuchumaa!"

Lavonne alitabasamu, macho kwenye buti zake. Masikio ya Delbert yaliwaka moto. Kuitwa Mchungaji aliweza. Kumwona mkewe akivaa kojo lake mbele za watu, hapana.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa nakojoa. Kachoma yeye."

Askari wa wanyamapori, aliyekuwa akila soseji, aliacha kutafuna. Samaki mwenye lebo ya mtu mwingine ni mali ya serikali, akaburutwa. Delbert akaandikiwa faini.

"Nimesema kweli, Vonnie," alinong'ona.

"Ungeisema kule barafuni, ningekuwa na samaki. Hapa umeisema ili wewe upate usingizi."

Lavonne akashika usukani wa pikapu. Delbert alipofungua mlango wa pili, alikuta kiti kimewekewa chusa, kimelazwa kama mgonjwa. Akafunga. Akapanda nyuma, akaketi juu ya damu ya samaki iliyoganda, na mji wote ukamtazama akipita.