Ukucha wa Taib na Vitatange Kumi na Wawili

Taib wa mtaa wa Ndia Kuu alikuwa na maneno mengi kuliko meno, na meno yenyewe mekundu kwa tambuu. Kidole chake cha shahada kilifuga ukucha mrefu kama kijiko, wa kuchotea chokaa ya tambuu, naye akiupenda kuliko ndevu zake. Kazi hakuwa nayo. Talaka alikuwa nazo tatu, kama kila mume, na mbili alishazitumia: moja kwa sababu ya wali ulioungua, ya pili kwa sababu mkewe Khairiya alimcheka. Mara zote mbili alimrejea akilia. Ya tatu aliichezea barazani, na mwenye akili huchezea vingine.

Ilikuwa mwaka wa 1912. Sheikhan, kakake Khairiya, alikuja akamchukua dadake akamrudisha kwao. "Mume asiye kazi ni mgeni asiyeaga," alisema mbele za watu.

Taib akapanda kama maziwa jikoni. "Sikiza, shemeji! Kazi nimepata, kwa Mzungu. Nisipoishika siku arobaini kamili, Khairiya ameachika!"

Baraza zima likamgeukia Sheikhan. Naye akatabasamu kama paka aliyekuta chungu wazi. "Mashahidi mmesikia. Hiyo ni ya tatu, Taib. Hairejewi."

Kazi ilikuwepo kweli, msidhani. Mzungu mmoja, mji ukimwita Bwana Samaki, alikuwa na sanduku kubwa la vioo ghorofani, limejaa maji ya bahari, mwani, na vitatange, samaki wa rangi rangi, kumi na wawili aliotaka kuwapeleka kwao Ulaya wakiwa hai. Maji ya bahari yakifungiwa huchacha. Kwa hivyo kila asubuhi na kila alasiri Taib atumbukize kijikaratasi cha dawa. Kikigeuka waridi, maji ni mazima. Kikibaki cheupe, maji yamechacha, na mchukuzi Ngala ateremke pwani alete mitungi mipya. Rangi iandikwe daftarini.

"Asubuhi rangi hafifu," alifundisha Bwana Samaki. "Alasiri, jua likishapiga mwani, rangi nzito. Kila siku yapanda, yashuka. Na mikono uoshe kwanza."

"Mimi nina udhu, Bwana," akajibu Taib. "Mikono yangu safi kuliko maji yako."

Mzungu akamwachia ufunguo, akaenda Lamu kutafuta samaki wengine.

Kila asubuhi na kila alasiri Taib alipita chini ya dirisha la Sheikhan. Kikapu kidogo kikateremka kwa kamba, ndani mna tambuu, na sauti ya Khairiya nyuma ya mbao za dirisha: "Ya ngapi leo?"

"Ya kumi na saba, mke wangu."

"Nimekuzidishia chokaa pembeni. Najua wapenda kali."

Taib akachota kwa ukucha, akatafuna, akapanda ghorofani akashika kijikaratasi kwa kidole kile kile. Waridi! Asubuhi waridi iliyoiva, alasiri waridi iliyoiva. Bwana Samaki alisema rangi hupanda na kushuka. Ya Taib ilipanda ikakaa. Akaona ni baraka ya mkono wake.

Ngala akaja na mtungi mtupu. "Bwana Taib, samaki wanahema midomo juu. Niende pwani?"

"Weye kazi yako mabega. Kusoma ni kwangu. Huioni waridi hii?"

"Mimi naona samaki."

"Samaki ajua kuandika?"

Ngala akakaa kitako juu ya mtungi wake.

Siku ya thelathini na saba kitatange mmoja akaelea. Taib akamrushia paka, akaandika: waridi. Kesho yake wakaelea wanne, paka akashiba. Siku ya thelathini na tisa, alasiri, Bwana Samaki akashuka chomboni, na Sheikhan, aliyekuwa akihesabu siku vizuri kuliko imamu, akamfuata hadi ghorofani. Waliobaki walikuwa wamelala ubavu, macho meupe.

Mzungu akanawa, akatumbukiza kijikaratasi. Cheupe. Taib akatumbukiza chake. Waridi.

"Mwaona? Maji yanamjua mwenyewe!"

Bwana Samaki akachukua kijikaratasi kipya, akakilowesha kwa maji ya kunywa, akakigusisha kwenye ule ukucha. Kikawa waridi kama shavu la bi harusi.

Ngala, mlangoni, akacheka hadi akajishika mbavu. "Bwana Taib, siku zote umepima chokaa ya kidole chako!"

"Toka," Mzungu akasema, neno moja tu.

Sheikhan aliinama akaokota tambuu nzima iliyomdondoka Taib mfukoni. Ilibanwa kwa karafuu mbili. "Nyumba moja tu Ndia Kuu hubana hivi. Kumbe dadangu ndiye aliyejiachisha, kwa mkono wake."

"Shemeji, imebaki siku moja..."

"Shemeji yako nani?"

Kesho yake, siku ya arobaini, Taib alipita chini ya dirisha. Kikapu kikateremka. Ndani mna kijaluba cha chokaa, kimejaa, na juu hakuna sauti ila kicheko cha Sheikhan.

Vitatange wapya wa Lamu walilelewa na Ngala, aliyenawa hadi viwikoni. Khairiya alimaliza eda akaozwa Pate. Siku ya harusi ndipo Taib alipokata ukucha. Chini yake kulikuwa kweupe bado kwa chokaa.