Sauti Ndani ya Kiroba cha Mbegu

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Naishi na bibi yangu, juu kidogo ya Usa River. Baada ya mavuno alitenga debe moja la maharage ya mbegu. Mbegu hiyo aliachiwa na mama yake, na madukani haipo, ikiharibika, imekwisha. Akanikabidhi mimi niitunze. Akanituma kwa mama jirani kuomba majani ya utupa, ambayo husagwa na kuchanganywa na maharage ili yasibunguliwe.

Jirani alinipa fungu zima. Niliona aibu kumuuliza yanaandaliwaje. Nikayaanika juu ya bati, jua kali, kama tunavyoanika mahindi. Nikayatwanga, nikachanganya, nikafunga kiroba.

Wiki kadhaa baadaye niliingia stoo mchana kuchukua jembe. Nikasikia kitu kinakwaruza, taratibu. Nilidhani ni panya. Nikaweka mkono juu ya kiroba. Kilikuwa na joto, kama mgongo wa mtu aliyelala. Nikatega sikio. Sauti ilikuwa humo. Nilipokipiga kofi ilinyamaza, kisha ikaanza tena.

Siku tatu sikusema. Bibi aliuliza habari ya mbegu, nikajibu ipo.

Siku ya nne nilikwenda kwa jirani. Nikamwamkia, nikakaa kimya mpaka akacheka, akauliza kama nimekuja kuposa, na washenga nimewaacha wapi. Ndipo nikamweleza.

“Uliyaanika juani?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi jua limekula dawa. Utupa huanikwa kivulini. Hao wadudu umewatandikia majani makavu tu, wamelala juu yake wanakula.”

Nilikwenda mwenyewe kumwambia bibi. Hakunigombeza. Tulimwaga maharage kwenye turubai, akaokota punje iliyoonekana nzima. Kwenye ganda palikuwa na duara dogo, kama dirisha lililofungwa.

“Huyu bado yumo,” alisema, akanipa ungo.

Tulichambua hadi jioni. Likabaki bakuli moja.

Sasa mbegu hiyo imo kwenye ndoo, na utupa uliokaukia kivulini. Kila asubuhi natega sikio. Kimya. Lakini jirani anasema mdudu akiwa mchanga, punje haionyeshi dirisha, na mvua za kupandia bado. Msomaji unayejua namna ya kumtambua aliyemo ndani kabla hajatoboa, tafadhali niandikie. Nitakujibu, hata nikichelewa.