Bingwa Aliyerudi wa Mwisho

Juzi wajukuu zangu walikuwa wakitazama ngumi za zamani kwenye simu, wakibishana ni bondia gani wa uzito wa juu aliyekuwa mkubwa kuliko wote, nami nikasikia tena harufu ya moshi wa samadi.

Alasiri moja nikiwa mtoto, kijijini kwetu Nyamisangura, baba mdogo, aliyetoka jeshini, alimsifia bondia aliyestaafu bila kushindwa. Baba, ambaye hakuwahi kuona ulingo, aliendelea kusuka kamba yake.

"Huyo aliondoka mapema," alisema taratibu. "Niambie habari za yule aliyebaki mpaka akapigwa uzeeni. Aligeuza mgongo, au alianguka akimtazama mwenzake?"

Hivyo ndivyo alivyowapima mafahali wetu, basi nikadhani wanazungumzia ng'ombe. Jioni kengele ziliposikika bondeni, nilisimama kwenye mlango wa zizi kumsubiri bingwa. Wa mwisho akaja fahali wetu mzee, sikio limechanika, yule aliyeshindwa na mtoto wake lakini hakukimbia. Nikapiga goti.

"Shikamoo."

"Bibi, na wewe unasemaje?" wajukuu waliniuliza.

"Huyo bondia wenu, siku aliyopigwa, alikuwa akitazama wapi?"

Wakairudisha video nyuma.