Shuka la Kurarua

Jumanne, 14 Juni. Manyunyu tangu alfajiri.

Jirani yangu, fundi cherehani, hana haraka na uzi. Ukijisokota, huondoa mguu kwenye pedali, akaitafuta ncha yake taratibu bila kuvuta. Jana mchana binti yake wa miaka minne alimng'ata tena mdogo wake mchanga shavuni, kisha akaurusha mkebe wa vifungo ukutani. Mama mkwe wa fundi akaja juu. "Mchape, la sivyo nitamchukua nikamlee mwenyewe."

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali. Akampa bibi kile kichanga, akaketi sakafuni katikati ya vifungo, akaishika mikono ya binti yake. "Umekasirika, naona. Mtoto hatumng'ati. Rarua hili." Akachanja pembe ya shuka kuukuu kwa mkasi, akampa. Mtoto akararua na kurarua, hadi kilio kikabaki kwikwi.

"Na mashuka yakiisha?" bibi akauliza.

"Tutahamia kwenye magauni yako, mama."

Bibi akacheka bila kutaka.

Leo asubuhi fundi aliutundika mkasi juu kabisa, kisha akapiga magoti na kupigilia msumari chini, usawa wa kifua cha binti yake. Akaning'iniza hapo shuka jingine, pembe yake tayari imechanjwa.