Mti Usioomba Maji

Restuta hakuzaliwa jeuri; jeuri alifundishwa na watu. Siku alipouokota mmea ule kwenye takataka za nyumba ya wageni anakofulia mashuka, alikuwa mjane mpole wa mtaa wa Mlabani, mtu ambaye kuku wa jirani wakidonoa mchele wake aliwafukuza kwa kuwabembeleza. Ulikuwa uzi mmoja tu uliokatika, wenye vijani vinene kama maharage mabichi. Aliupanda kwenye dumu la mafuta alilolikata katikati, akaumwagilia asubuhi na jioni. Nani wa bonde hili asingefanya hivyo? Sisi tumelelewa na mpunga. Kitu kisiposimama ndani ya maji tunakionea huruma.

Ukaoza. Kikabaki kipande kifupi kama kidole, naye kwa hasira akakitupa juu ya mchanga mkavu nyuma ya nyumba, akaenda zake Michenga kuvuna mpunga. Aliporudi kutoka shamba alikikuta kimetoa mizizi, kimenona, hakimwombi mtu kitu. Hapo ndipo alipokipenda. Akakipa jina: Mkaidi.

Tangu hapo alijua namna ya kuishi nacho. Mchanga uchanganywe na pumba za mpunga zilizochomwa, dumu litobolewe chini na kuning'inizwa barazani, maji yasubiri mpaka vijani vianze kunyauka kidogo. Miaka ikapita, nyuzi zikashuka kutoka kwenye paa la baraza hadi karibu na sakafu. Wapita njia walisimama kutazama, na Restuta alifurahi kutazamiwa kitu chake.

Aliyetazama kwa jicho baya ni Agapiti, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Mpunga wake ulisombwa na mto msimu mmoja, msimu uliofuata ukakaushwa na jua. Siku moja ya kiangazi alisimama barazani, akashika uzi mmoja.

"Mama Careen, huu mti unakunywa nini?"

"Haupendi maji, shemeji."

"Usiokunywa maji unakunywa cha watu."

Kwa watu wa upande ule wa Ulanga, anayeshukiwa uchawi hupelekwa na ukoo kwa mganga akanyolewe nywele na kunyweshwa dawa, arudi eti amesafishwa. Huliita jambo dogo. Lakini aliyenyolewa huenda na jina hilo mpaka kaburini, na wanawe hulirithi. Agapiti alisema ukoo umekwisha kaa: Jumamosi watakuja kumchukua, na mti utachomwa.

"Kama huna kitu unaogopa nini? Nywele huota."

"Nywele zitaota, shemeji. Jina langu je?"

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

"Basi nitaingoja pamoja na Waislamu."

Alipoondoka, Restuta alilia. Kisha akapangusa uso, akachukua mkasi, akaanza kukata. Kila uzi ulimuuma, lakini alikata, akapeleka beseni zima kwenye sala ya jumuiya ya Kikatoliki ya mtaa.

"Wanasema huu ni uchawi, na kwamba mimi ni mchawi," aliwaambia wanawake wenzake, bila kuzunguka. "Unapandwa hivihivi, kipande kwenye mchanga. Anayeogopa asichukue."

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Eufrasia, mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene asiyependa kuharakishwa. Wengine wakafuata. Brigita, mke wa Agapiti, alikaa benchi la nyuma bila kuchukua, na Restuta hakumlaumu; mtu hulala na mumewe, halali na jumuiya.

Siku mbili baadaye alipita kukagua, akataka kupasuka. Kila kopo walilopandia lilikuwa limejaa maji! Wameumwagilia kama kitalu cha mpunga.

"Jamani, mnauzamisha!" Akajifunga kanga kiunoni, akaenda nyumba hadi nyumba akimwaga maji, akitoboa makopo kwa msumari. Vilivyooza alivitupa, akarudi kukata vingine, mpaka dumu lake likabaki na visiki vitupu. Aliona uchungu, na hakuacha.

Jumamosi Agapiti alifika na wanaume wa ukoo kwenye pikipiki mbili. Walimkuta Restuta barazani, kichwa wazi, amesukwa mtindo wa twende kilioni, nywele zinang'aa mafuta.

"Shikamoo, shemeji."

Agapiti alitazama visiki kwenye dumu. "Mti uko wapi? Umeung'oa?"

"Nimeugawa. Geuka."

Akageuka. Makopo yalining'inia mbele ya kila nyumba ya mtaa ule, na chini ya kila kopo alisimama mwenye nalo.

"Anzeni na mwenyekiti wa jumuiya, yule pale," Restuta alisema. "Mkimaliza mtaa mje kwangu. Nipo, sikimbii."

Mwanaume mmoja akakohoa. Mwingine akawasha pikipiki na kuigeuza, ingawa hajapakia mtu.

"Mtaa wenu mzima una wazimu," alisema Agapiti. "Mimi natafuta mwenye mti. Huyu ndiye aliyeuleta."

Ndipo Brigita alipotokea kwenye kona, akitembea polepole, amevaa gauni la kanisani. Mkononi alishika kopo la maziwa, na ndani yake kipande kimoja alichokiokota chini ya benchi siku ile ya sala. Alimpita mumewe, akasimama karibu na Restuta, akafungua kilemba chake na kukikunja vizuri, kichwa kikabaki wazi.

"Baba Hilary," alimwambia mumewe, "mimi nipande pikipiki ipi?"